Kutu, madoa na kulegea: utatuzi wa matatizo ya kamba za waya na viungio vyake vya stenlesi katika ukanda wa pwani

Mwongozo huu unahusu kamba za waya zinazobeba mzigo wa kudumu katika majengo na miundo midogo: zile za vizuizi vya roshani na ngazi, zinazoshikilia mapaa ya turubai kwenye hoteli na migahawa ya ufukweni, zinazokaza milingoti ya antena, na zinazoning'iniza vipaa vya juu ya milango. Madaraja makubwa ya kamba, kama lile la Nyerere kule Kigamboni au lile la Jinja juu ya Mto Nile, yana wahandisi wake na ratiba zake za ukaguzi, na hakuna kinachosemwa hapa kinachomruhusu mtu kuyagusa.

Ukizisikiliza lawama za wenye majengo kuanzia Tanga hadi Mtwara, au Mombasa na Unguja, utaona kwamba wengi hulalamikia kile wanachokiona katikati ya kamba, ilhali ugonjwa umejificha mwishoni mwake. Stenlesi haishiki kutu kwa urahisi kwa sababu kromiamu iliyomo ndani yake, ambayo ni lazima ifikie angalau asilimia 10.5, hutengeneza utando mwembamba sana wa oksidi usoni mwa metali, na utando huo ukikwaruzwa hujijenga upya ilimradi unapata oksijeni. Mahali ambapo maji ya chumvi yametuama na hewa haifiki, utando haujijengi, na stenlesi huanza kulika kama chuma kingine chochote. Mahali pa namna hiyo ni mdomo wa kichwa cha kamba (silinda iliyobanwa kwenye ncha yake), chini ya washa, ndani ya thredi, na chini ya utepe wa plastiki ambao mtu aliuzungusha kwa nia njema.

Kabla ya kugusa chochote

Kamba iliyokazwa ina nguvu iliyohifadhiwa ndani yake, na ikiachia huchapa kwa kasi isiyokwepeka. Vaa miwani ya kazi na glavu nene, usisimame kwenye mstari wa kamba, na usilegeze nati hata moja kabla ya kujua mzigo wa kamba hiyo utahamia wapi. Kukagua kwa macho, kuosha na kupima ni kazi ya mwenye jengo au fundi wa kawaida. Kulegeza, kukata na kubadilisha kamba inayoshikilia paa, mlingoti au kizuizi cha ghorofani ni kazi ya mtu mwenye sifa, chini ya mhandisi wa miundo aliyesajiliwa, yaani kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa Tanzania, au Bodi ya Wahandisi kwa Kenya.

Jambo la pili ni kujua una metali gani mkononi. Stenlesi ya daraja la 304 ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli. Ile ya 316 huongezewa asilimia 2 hivi ya molibdenamu, na nyongeza hiyo ndogo ndiyo inayoisaidia kustahimili chumvi. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, ingawa madukani huzungushwa kwa kujiamini sana: zote mbili huvutwa kidogo tu au hazivutwi kabisa, na nyuzi zilizovutwa kiwandani zikiwa baridi zinaweza kuvutwa na sumaku hata kama ni stenlesi halisi. Soma vichwa vya bolti. Alama ya A2 ni ya kundi la 304 na A4 ni ya kundi la 316. Kwa kamba yenyewe, mdai muuzaji cheti cha kiwandani, na kisipokuwepo ichukulie kuwa ni 304.

Dalili ya 1: Madoa ya kahawia kwenye stenlesi, kama rangi ya chai

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na kwa bahati nzuri mara nyingi ndilo lenye madhara madogo. Doa husambaa juu juu, halina mashimo, na ukilisugua kwa kucha halina kina.

Sababu iliyozoeleka zaidi ni chumvi iliyokaa bila kuoshwa. Ndani ya kilomita chache kutoka ufukweni, upepo hubeba matone madogo ya maji ya bahari na kuyaacha juu ya kila kitu; wakati wa masika mvua huyaosha, lakini miezi ya kiangazi cha kaskazi chumvi hujilimbikiza. Ndiyo maana sehemu zilizo chini ya paa, ambazo mwenye jengo hudhani zimehifadhiwa, huchafuka kuliko zile zinazonyeshewa. Osha kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni isiyo kali, tumia kitambaa laini, suuza vizuri, kisha kausha. Karibu na bahari, kufanya hivyo kila baada ya miezi mitatu si kuzidisha.

Angalia sana maji unayooshea. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na anayeosha kizuizi chake kwa maji hayo kila wiki anaongeza kile anachotaka kukiondoa. Vivyo hivyo kwa mpira wa kumwagilia bustani unaorusha maji ya kisima hadi kwenye viungio vya chini. Kama maji hayo hayatoi povu la sabuni vizuri na huacha ukungu mweupe yakikauka, tafuta ya bomba au ya mvua.

Sababu ya pili ni dawa za usafi. Dawa za madoa zenye klorini, na asidi ya kusafishia vigae na mabaki ya saruji, hushambulia stenlesi moja kwa moja. Hata mvuke wake unatosha. Kama madoa yalijitokeza siku chache baada ya mafundi wa vigae kuondoka, usitafute mbali. Suuza kwa maji mengi mara moja na uangalie kama kuna vishimo. Uso ulioshambuliwa na asidi hupoteza mng'ao na kuwa na vinyweleo, na huo hauponi kwa sabuni.

Sababu ya tatu ni chembe za chuma cha kawaida zilizopandikizwa juu ya stenlesi. Fundi anayekata nondo kwa grinda karibu na kamba mpya, au anayesugua stenlesi kwa brashi ya waya wa chuma au stilwaya ya kuoshea sufuria, huacha chembe ambazo zitashika kutu baada ya mvua ya kwanza. Dalili yake ni madoadoa yaliyotawanyika kama vipele badala ya ukungu uliosambaa. Yaondoe kwa dawa ya kusafishia stenlesi yenye asidi ya fosfori, ya oksali au ya limau, kwa kufuata maelekezo ya chupa, kisha suuza. Sponji za nailoni zinaruhusiwa. Kitu chochote cha chuma hakiruhusiwi.

Sababu ya nne huonekana kwenye viungio vilivyochomelewa pekee. Ukanda wa bluu na kahawia kando ya weldi ni eneo ambalo utando wake umeharibiwa na joto, na ni lazima uondolewe, ama kwa kusugua na kung'arisha au kwa dawa maalumu ya kusafishia weldi. Dawa hiyo kwa kawaida ina asidi ya hidrofloriki, inayopenya ngozi na kudhuru hadi mfupa, na ambayo maumivu yake yanaweza kuchelewa kujitokeza. Mwachie fundi mwenye vifaa na mafunzo ya kazi hiyo.

Kama madoa yanarudi kila baada ya wiki chache licha ya kuosha kwa maji safi, basi umeuziwa daraja lisilofaa, au uso wake ni wa kukwaruza. Uso uliong'arishwa hukusanya chumvi kidogo kuliko ule wenye mistari ya msasa, na mistari ya msasa iliyolala kwa mlalo hushika chumvi kuliko ile iliyosimama wima, jambo ambalo wachora ramani wengi hulisahau wanapochagua mwonekano.

Dalili ya 2: Mchirizi wa kutu unaotoka kwenye mdomo wa kichwa cha kamba

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu dalili hii hufanana na ya kwanza kwa mbali lakini maana yake ni nyingine kabisa. Kichwa ni ile silinda ya stenlesi iliyobanwa kwa mashine kuzunguka mwisho wa kamba. Kati ya uzi na uzi mna nafasi nyembamba, na maji yanayoshuka kwenye kamba huingia humo na kukaa. Kichwa cha juu hujimwaga chenyewe. Cha chini hujaa kama kikombe.

Futa mchirizi kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, kausha, kisha rudi baada ya siku kadhaa za unyevu. Kama rangi imerudi juu juu tu, kwenye sehemu ya nje ya kichwa, huenda ni madoa ya kawaida. Kama inatoka kati ya nyuzi, mahali hasa zinapoingia kwenye silinda, ulikaji uko ndani na hakuna dawa ya kuufikia.

Chukua kioo cha kukuzia na tochi. Zungushia pamba au kitambaa chepesi kwenye kamba, kwa upana wa kiganja kutoka kwenye kichwa, na ukivute taratibu kuelekea kwenye mdomo. Uzi uliokatika utanasa pamba kabla jicho halijauona. Kisha kagua silinda yenyewe kwa mwanga wa pembeni. Ufa wa mwanzo huwa ni mstari mwembamba unaofuata urefu wa silinda, mara nyingi ukiwa na kivuli cha kahawia pande zake mbili. Angalia pia kama silinda imepinda. Kichwa kilichopinda kilibanwa vibaya tangu mwanzo.

Sababu zake, kuanzia inayotokea zaidi, ni maji ya chumvi yaliyotuama ndani. Kichwa kisichoweza kucheza, hivyo upepo huikunja kamba mahali palepale kila siku hadi nyuzi zichoke. Kubanwa kwa kifaa kisicholingana na kipimo cha kamba. Na kuchanganya madaraja, kamba ya 316 ikitiwa kichwa cha 304.

Simama hapa na uite mtaalamu ukikuta uzi hata mmoja uliokatika kwenye mdomo wa kichwa, ufa wowote kwenye silinda, au kutu inayotoka kati ya nyuzi. Kwenye kamba za nyuzi 19 zilizosokotwa mara moja, ambazo ndizo hutumika zaidi kwenye miundo, kila uzi hubeba sehemu kubwa ya mzigo na kukatika kwa mmoja ni taarifa kuhusu wenzake. Kamba hubadilishwa pamoja na vichwa vyake. Kuziba mdomo kwa silikoni baada ya maji kuingia ni kuyafungia ndani pamoja na chumvi yake, na afadhali kuacha wazi.

Mtaalamu akija, mwulize kama kiungio cha chini kinaweza kuwa na kifundo kinachoruhusu kamba kucheza pande mbili. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kubadilisha kamba kila baada ya miaka michache.

Dalili ya 3: Kamba ya zinki imekuwa nyeupe, kisha nyekundu

Unga mweupe kwenye kamba au kiungio kipya cha chuma kilichochovywa kwenye zinki kwa kawaida hutokana na kuhifadhiwa kikiwa kimelowa na kubanana, aghalabu ndani ya kontena au chini ya turubai. Tenganisha vipande, vikaushe, visugue kwa brashi ngumu ya nailoni. Kama chini ya unga zinki bado ni ya kijivu na laini, hakuna kilichoharibika cha maana.

Rangi nyekundu ni habari nyingine: zinki imeisha na chuma kimefikiwa. Zinki hujitoa mhanga kidogo kidogo, na kasi yake hupimika. Kiungio cha chuma chenye unene wa zaidi ya milimita 6 kilichochovywa kwa kufuata kiwango cha ISO 1461 huwa na zinki ya wastani wa maikromita 85 au zaidi. Katika mazingira makali ya pwani, ambayo kiwango cha ISO 9223 huyaita C5, zinki hupotea maikromita 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka, hivyo kiungio hicho kina takriban miaka 10 hadi 20. Nyuzi za kamba, kwa kuwa ni nyembamba, kwa kawaida hubeba chini ya nusu ya zinki hiyo. Usishangae basi kamba ikizeeka wakati kiungio chake bado kinang'aa.

Kwenye kiungio, mkwaruzo mdogo unaweza kutengenezwa kwa kusafisha hadi chuma cheupe na kupaka rangi yenye zinki nyingi, kwa unene wa maikromita 100 au zaidi. Kwenye kamba, rangi haifiki ndani ya msokoto, na kuipaka ni kuficha ushahidi kutoka kwa mkaguzi ajaye. Kamba yenye wekundu uliosambaa ipimwe kipenyo kwa kalipa mahali pengi, na vipimo vipelekwe kwa mhandisi aamue. Ukiagiza mpya, ulizia ile yenye mchanganyiko wa asilimia 95 ya zinki na 5 ya alumini, ambayo hudumu zaidi ya zinki tupu.

Onyo kwa wenye karakana: bolti za nguvu kubwa, za daraja la 10.9 na kuendelea, zisipelekwe kuoshwa kwa asidi na kuchovywa zinki kiholela. Hidrojeni ya asidi huweza kuingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla siku za baadaye, bila kutu wala kupinda. Nunua zilizokwisha kuchovywa na mtengenezaji wake.

Dalili ya 4: Zinki imeliwa haraka karibu na kiungio cha stenlesi

Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, moja huilisha nyingine. Zinki ndiyo inayolika, na kadiri stenlesi ilivyo kubwa kuliko sehemu ya zinki, ndivyo kasi inavyoongezeka. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye bamba kubwa la zinki huvumilika. Bolti ndogo ya zinki kwenye bamba kubwa la stenlesi itakwisha upesi. Tenganisha kwa washa na vifuko vya nailoni, hakikisha bolti nayo haigusi ukuta wa tundu, na pasipowezekana tumia metali moja kote.

Dalili ya 5: Kikaza kimekwama

Kikaza ni kile kifaa chenye thredi za pande mbili zinazopingana, ambacho ukikizungusha kamba hukazika au kulegea. Kukwama kwa kikaza cha stenlesi mara nyingi si kutu. Nyuso mbili za stenlesi zikisuguana kwa nguvu bila kilainishi hukwaruzana, hushikamana na kuwa kitu kimoja. Mafuta ya kulainisha hayatazitenganisha, na kuongeza urefu wa spana kwa bomba kutakata thredi wakati mzigo ungali juu yake. Kama kimegoma kwa nguvu ya mkono wa kawaida, acha. Kitakatwa, lakini baada tu ya mtaalamu kuuhamishia mzigo kwenye winchi ya mkono.

Kinga yake ni rahisi: pakaa thredi grisi ya kuzuia kushikamana yenye molibdenamu disulfidi au nikeli kabla ya kufunga, zungusha kwa mkono na polepole, na usitumie mashine ya kufungia nati. Vikaza vyenye mwili wa shaba nyeusi na skrubu za stenlesi hukwama mara chache zaidi.

Dalili ya 6: Kamba imelegea

Kama ni mpya, msokoto unajipanga. Kaza tena baada ya wiki chache. Kama hulegea mchana na kukaza usiku, ni joto: kamba ya 316 yenye urefu wa mita 20 hurefuka karibu milimita 10 joto lake likipanda nyuzi 30 za Selsiasi. Usiikaze saa nane mchana, kwa maana ikipoa itavuta nguzo. Kama kikaza kimejifungua chenyewe kwa mtikisiko, kinakosa nati ya kufungia au pini. Kabla ya kukaza zaidi, hakikisha skrubu zote mbili zinaonekana kwenye tundu la ukaguzi.

Kama mwisho wa kamba umefungwa kwa klipu zenye umbo la herufi U, angalia kwamba tandiko la klipu limekalia upande unaobeba mzigo na ile U imebana mkia, na kwamba klipu hazipungui tatu. Nati zake hulegea kamba inapopungua unene kwa mzigo, kwa hiyo hukazwa tena. Kwa kizuizi cha roshani au kitu kinachoning'inia juu ya watu, klipu hizo zisiwe suluhisho la kudumu.

Kama kamba iliyotulia kwa miaka imelegea ghafla bila sababu inayoonekana, usiikaze. Ama kichwa kinateleza, ama nanga imesogea ukutani, ama nguzo imeinama. Ondoa watu chini yake na umwite mhandisi.

Dalili ya 7: Kamba yenye koti la plastiki imevimba

Maji yameingia kwenye ncha iliyokatwa na kutu inajipanua ndani. Hakuna matengenezo. Binafsi sioni sababu ya kutumia kamba ya namna hii kwa kubeba mzigo nje ya nyumba katika pwani, kwa kuwa koti linanyima stenlesi hewa na kumnyima mkaguzi macho.

Dalili ya 8: Rangi inabanduka kwenye viungio vya zinki

Rangi za mafuta za kawaida hugeuka sabuni zinapokutana na zinki, kisha hubanduka kama ganda. Kwangua, osha, paka msingi uliotengenezwa kwa ajili ya zinki, ndipo rangi ya juu. Hatari ni ndogo isipokuwa maji yamekaa chini ya magamba.

Pasipo na dalili: juu ya mabwawa ya ndani

Sehemu hii ni kwa wenye hoteli na kumbi za mazoezi zenye bwawa la kuogelea lililofunikwa. Mwaka 1985, kule Uster nchini Uswisi, dari ya zege ya bwawa la ndani ilianguka na kuua watu 12, miaka 13 tu baada ya bwawa kufunguliwa. Vishikizo vyake vilikuwa vya stenlesi ya kawaida. Mvuke wenye klorini hutua juu ya metali iliyo chini ya mkazo, mahali ambapo hakuna mvua wala anayeosha, na kuipasua kwa nyufa nyembamba zinazoingia ndani huku uso ukionekana karibu mzima. Madaraja ya 304 na 316 yote mawili yanaweza kupasuka hivyo.

Kama kamba, fimbo au bolti za stenlesi zimeshikilia dari, taa nzito, spika au mabomba juu ya bwawa la ndani, usisubiri doa. Tafuta nyaraka za daraja lililotumika. Katika mazingira hayo, kwa vishikizo visivyooshwa mara kwa mara, hutakiwa madaraja maalumu ya stenlesi, kwa namba za Ulaya, kama 1.4529, 1.4547 au 1.4565. Nyaraka zisipopatikana, au zikionyesha 304 au 316, funga eneo lililo chini na umpe mhandisi wa miundo nafasi ya kupima kabla ya mtu yeyote kurudi majini.